Ndege anayemwita mwindaji

Mvua ya masika ikishika katikati ya Bonde la Ufa, makundi ya kanga huvunjika. Ndege waliokuwa wakitembea ishirini au thelathini pamoja tangu kiangazi, wakichakura kati ya mabua kwenye mashamba yaliyovunwa huko Rongai na Njoro, hujitenga wawili wawili na kupotelea nyasini. Jike hukwangua kishimo chini ya kichaka, akataga, akaatamia kwa karibu wiki nne. Vifaranga wakianguliwa, dume hakai mbali. Huwaongoza, huwakinga, na hushiriki kuwafunika kwa mbawa katika wiki zao za mwanzo, mama akiwa bado anajirudishia nguvu. Yeyote aliyekulia mashambani katika Kaunti ya Nakuru anawajua ndege hawa. Wengi waliokulia huko zamani wanaijua pia ladha yao, kwa sababu kanga na kwale walikuwa kitoweo cha mtego wa mvulana: kitanzi cha uzi na punje chache za mahindi.

Miezi hiyohiyo, ng'ambo ya Atlantiki, bunduki hutolewa kabatini. Kati ya Machi na Mei, katika majimbo mengi ya Marekani, ni msimu wa kumwinda bata mzinga wa mwituni, na desturi yake ni ya kifamilia. Baba na bintiye, ndugu wawili, marafiki wa tangu utotoni huingia gizani katika shamba alilolima babu yao, wakaketi kimya wakiegemea shina la mti, kisha mmoja wao akaiga sauti ya jike. Dume huitikia kutoka mbali. Huja ametanua mkia, na akifika karibu hupigwa. Wanaofanya hivyo kila mwaka hukuambia kwamba nyama ni sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Wanachokithamini ni kuijua ardhi ile, mti upi ndege hulala, kijito kipi huvuka, na kuwa na mtoto pembeni anayeyaona hayo kwa mara ya kwanza.

Biolojia ya bata mzinga inaruhusu desturi hiyo. Dume hupanda majike wengi na halei vifaranga, kwa hiyo akiuawa baada ya kupanda, mayai yataanguliwa vilevile na watoto watakua. Isitoshe, dume hutambulika kwa macho, na kanuni za msimu huo huwalenga madume. Kanga hakuumbwa hivyo. Dume na jike wanafanana hata mwenye jicho kali hukosea, na wanalea pamoja. Atakayefyatua risasi wakati wa masika katika bonde letu atakuwa amewaachia vifaranga mzazi mmoja, katika nchi yenye mbweha, kicheche na mwewe. Kalenda ya msitu wa mwenzako haiwezi kuwa kalenda yako.

Hata hivyo kuna jambo katika historia ya bata mzinga linalomgusa msomaji wa Nakuru. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndege huyo alikuwa amekaribia kwisha Marekani kwa risasi za wafanyabiashara na ukataji wa misitu. Leo wapo mamilioni. Sehemu kubwa ya fedha za kumrudisha ilitoka kwa wawindaji wenyewe, kupitia sheria ya mwaka 1937 iliyoelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye hifadhi ya wanyamapori. Waliotaka kuendelea kumwinda ndio waliolipia kuishi kwake. Basi watu huuliza, na ni swali la haki: kwa nini sisi tulifunga kabisa?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara. Tembo na faru walikuwa wakiangamizwa, na serikali haikuona njia nyingine. Kuwapiga ndege kwa leseni kuliendelea kwa miaka baada ya hapo. Katika miaka ya 1990 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijaribu mpango wa kuwaruhusu wenye mashamba makubwa kuvuna idadi fulani ya pundamilia na swala na kuuza nyama, na Nakuru ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza ya majaribio hayo. Mpango ulisitishwa mwaka 2003. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikakaza kamba zaidi, ikaharamisha hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani. Anayetaka nyama ya kanga siku hizi hana budi kumfuga kwa kibali cha KWS, kama walivyofanya maelfu ya Wakenya kwa kware wakati wa wimbi la 2013, kabla soko halijaanguka mwaka uliofuata na kuwaachia wengi vizimba vitupu.

Mimi sidai bunduki zirudi. Wanyama wetu waliobaki ni wachache na watu ni wengi. Lakini mjadala wa Kenya kuhusu uwindaji umekuwa kwa muda mrefu mjadala wa pande mbili tu: mgeni mwenye leseni na jangili mwenye bunduki ya kivita. Kuna mwindaji wa tatu, aliyekuwepo kabla ya hao wawili, na makao yake yanaonekana kutoka barabara ya Njoro siku isiyo na ukungu. Ni Mwogiek wa Mau.

Msitu wa Mau ni mkusanyiko wa misitu wenye eneo la takribani hekta 400,000, mkubwa kuliko mwingine wowote kati ya minara mikuu ya maji nchini, yaani misitu ya milimani inayolisha mito. Upande wake wa mashariki, kuanzia Nessuit hadi Mariashoni na kuendelea, ndiko yanakotoka maji ya mito Njoro, Makalia na Nderit, ambayo yote huishia Ziwa Nakuru. Waogiek waliishi humo kwa asali na nyama. Msitu huo haukuwa kwao pori lisilo na mwenyewe. Uligawanywa kwa koo. Kila ukoo ulikuwa na kipande chake, konoito, kirefu na chembamba, kilichoanzia nyanda za chini zenye miti ya kutawanyika kikapanda mteremko kupita kwenye mitarakwa na podo hadi kwenye mianzi ya juu. Mipaka ilikuwa vijito, mabonde na migongo ya vilima, na mtoto aliijua kabla hajajua kurusha mshale.

Mgawanyo huo ulikuwa na akili nyingi ndani yake. Miti haichanui maua wakati mmoja kote. Chini hutangulia, juu hufuata, na mti mmoja, silibwet, ukichanua vizuri huleta asali nyeupe ambayo Waogiek wanaisifu kuliko zote. Ukoo wenye kipande kinachopanda mlima ulikuwa na uhakika wa kufuata maua kutoka ngazi moja hadi nyingine, na wanyama nao vivyo hivyo. Mizinga ilichongwa kwa magogo ya mtarakwa, ikapandishwa mitini, na kila mzinga ulijulikana ni wa nani. Mtu aliweza kuwa na mizinga kadhaa wa kadhaa iliyotapakaa msituni, akaikumbuka yote bila kuandika popote.

Uwindaji ulikwenda na kazi hiyo. Mwanamume aliyetoka kwenda kukagua mizinga alibeba upinde, akafuatana na mbwa, ndugu au shemeji, na mara nyingi mwanawe. Walimtafuta perere kwenye mashimo ya miti, yule mnyama mdogo ambaye sauti yake usiku humtisha asiyemjua. Walimwinda pongo, nguruwe wa msituni, nyati, na mara chache bongo, swala mwekundu mwenye milia myeupe anayejificha mianzini. Walitumia mishale ya sumu, mikuki, mashimo na mitego ya magogo. Nyama iligawanywa kwa kufuata udugu, kila mtu akiijua sehemu yake. Ngozi za perere zilishonwa zikawa majoho ya kujikinga na baridi ya Mau, ambayo aliyewahi kulala Mariashoni mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa. Asali ilikuwa chakula, dawa, bidhaa ya kubadilishana na majirani Wamaasai na Wakipsigis, na pombe yake ilihitajika katika posa, jando na baraka za wazee.

Naitaja mipaka ya koo kwa makusudi. Mtu akiwinda katika kipande ambacho baba yake aliwinda na mwanawe atawinda, ana sababu ya kuacha kitu. Akimaliza pongo wa bonde lake, hana bonde lingine la kuhamia, kwa kuwa ng'ambo ya kijito ni kwa wengine. Hali ya leo msituni ni kinyume chake. Mtego wa waya unaotegwa usiku hauna mwenyewe anayejulikana. Humnasa jike mwenye mimba sawa na dume zee, na mara nyingine aliyeutega harudi kuukagua, mnyama akaoza humo. Tulipomwondoa mwindaji mwenye jina na mipaka, tulimfungulia mlango asiye na jina wala mpaka.

Na sasa nifike kwa ndege niliyemkusudia.

Kando ya misitu yetu na kwenye nyanda za miti zilizo chini yake yupo mlembe, ndege wa rangi ya kijivu na kahawia asiyevutia macho. Mlembe hupenda nta na funza wa nyuki, na tumbo lake linaweza kuisaga nta, jambo ambalo wanyama wachache mno wanaliweza. Tatizo lake ni kwamba nyuki hukaa ndani ya shina gumu au mwamba, na wanauma hadi kuua. Kwa hiyo humtafuta binadamu. Hutua karibu naye, hupiga kelele kama njiti za kiberiti zinazotikiswa ndani ya kisanduku, huruka kidogo, hungoja, hupiga kelele tena, hadi wafike kwenye mti wenye nyuki. Mtu hufukiza moshi, hupasua kwa shoka, huchukua asali, na humwachia ndege masega. Kwa bata mzinga, mtu humwita ndege ili amuue. Huku kwetu ndege humwita mtu, na wote wawili hula.

Jambo hili halikai tena katika ngano. Mwanasayansi Mkenya, Hussein Adan Isack wa Makumbusho ya Kitaifa, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walilichunguza kwa miaka kadhaa miongoni mwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya, na mwaka 1989 matokeo yao yakachapishwa katika jarida la Science. Katika maeneo ambayo wawindaji wa asali hawakuyazoea, kupata mzinga mmoja bila mlembe kuliwachukua wastani wa karibu saa 9. Wakiongozwa na mlembe, muda huo ulishuka hadi saa 3 na kidogo. Walithibitisha pia kwamba ndege, kwa umbali anaoruka na vituo anavyotua, humpa mtu habari za upande na masafa ya mzinga. Wazee waliyasema hayo zamani, na wachache mjini waliwasadiki.

Baadaye uchunguzi ukahamia kusini. Kule Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Wayao humwita mlembe kwa mlio wa mkoromo unaoishia na mguno. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha kwamba mlio huo ukitumiwa badala ya sauti nyingine, nafasi ya kuongozwa hupanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, hawakoromi. Wao hupiga mbinja ya mahadhi. Mwishoni mwa 2023 Spottiswoode na Brian Wood walichapisha jaribio la kuwapelekea milembe wa nchi ya Wahadzabe mlio wa Wayao, na wa Msumbiji mbinja ya Wahadzabe. Kila upande ndege walimwitikia zaidi yule aliyewaita kwa wito wa kwao. Mlembe, basi, amejifunza lugha ya wenyeji wake.

Zingatia maana ya jambo hilo. Mlembe halelewi na wazazi wake. Mama yake hutaga katika kiota cha ndege wengine, na kifaranga huanguliwa akiwa na ndoana mdomoni za kuwaulia watoto wa mwenye kiota. Hakuna baba wa kumfundisha kuongoza. Hamu ya kuongoza ameumbwa nayo, lakini wito wa kuitikia anaupata kwa watu. Watu wakinyamaza, hana wa kujifunza kwake. Katika sehemu nyingi za Afrika ambako sukari ya dukani imechukua nafasi ya asali ya msituni, tabia ya kuongoza inafifia, kwa kuwa ndege anayewaita watu wasiomjali huishia kuacha.

Binadamu naye yuko vivyo hivyo, tena ni dhaifu zaidi. Mtoto wa Nessuit hakuzaliwa akijua mti upi una nyuki, wala kwamba perere akilia mara kadhaa kwa namna fulani yuko juu ya mti gani. Sharti atembee na babu yake. Na ili atembee na babu yake, lazima pawepo msitu wa kutembea, na ruhusa ya kuwa ndani yake. Hapo ndipo maisha ya Waogiek yalipokatwa, na hayakukatwa mara moja.

Wakoloni walianza. Kanuni zao za wanyama zilimfanya mwenye leseni kuwa mwanaspoti na mwenyeji kuwa mhalifu. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani, aliteremka Mombasa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit, na katika safari yao baba na mwana waliua wanyama wakubwa zaidi ya 500. Huko Njoro walikuwa wageni wa mlowezi Lord Delamere. Kermit alimpata bongo katika msitu wa Mau kwa kuongozwa na wawindaji wa Kiogiek na mbwa wao. Mgeni alirudi kwao na ngozi kwa ajili ya makumbusho. Waliomwonyesha njia walibaki na ujuzi wao katika nchi ambayo sheria yake haikuutambua. Tume ya Ardhi ya Kenya ya 1932 hadi 1934, iliyoongozwa na Jaji Morris Carter, ilipendekeza kwamba watu hawa, walioitwa Wadorobo, wahamishiwe kwenye maeneo ya makabila makubwa wanayohusiana nayo. Kwa maneno mengine, wasiwe na ardhi yao.

Uhuru haukulirekebisha hilo. Waogiek waliendelea kufukuzwa kwa vipindi, kisha mwaka 2001 serikali ikatangaza kuiondoa sehemu kubwa ya mashariki mwa Mau kwenye hadhi ya msitu, hekta 35,301, kwa sababu iliyotajwa kuwa kuwapa makao wasio na ardhi, Waogiek wakiwemo. Wengi waliopewa hawakuwa Waogiek, na miti iliondoka. Kikosi kazi cha serikali kilichotoa ripoti mwaka 2009 kilikuta kwamba karibu robo ya Mau yote, takribani hekta 107,000, ilikuwa imepotea katika miongo miwili hivi. Ukipanda leo kutoka Njoro kwenda Mariashoni utapita viazi, ngano, na misipresi iliyopandwa kwa mistari, kabla hujafika kwenye mti wa asili ambao nyuki angeutaka. Mto Njoro, ambao wazee waliujua ukitiririka mwaka mzima, sasa hukauka sehemu zake za chini wakati wa kiangazi.

Kisha, Oktoba 2009, Shirika la Huduma za Misitu, KFS, likawapa Waogiek notisi ya siku 30 waondoke, kwa hoja ya kuuokoa msitu. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba hoja hiyo ilikuwa dhuluma. Walioishi na msitu kwa karne nyingi waliadhibiwa kwa uharibifu wa walioupokea kwa hati na wa wenye vibali vya kukata mbao.

Si maoni yangu peke yangu. Shauri lilifikishwa na Tume ya Afrika mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 majaji walitoa hukumu. Walisema Kenya imekiuka haki za Waogiek za kumiliki ardhi, za dini, za utamaduni, za maliasili, za maendeleo na za kutobaguliwa. Kuhusu dai la kuhifadhi msitu, walieleza kwamba uharibifu ulitokana na uvamizi wa makundi mengine, na ugawaji wa ardhi na vibali vya ukataji miti vilivyotolewa na serikali yenyewe. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyohiyo ikaamuru fidia ya shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na shilingi milioni 100 kwa maumivu ya kijamii, na ikaiagiza serikali ipime ardhi ya mababu wa Waogiek, iiwekee mipaka na kuwapa hati ya pamoja ndani ya miaka miwili.

Sheria zetu wenyewe hazipingani na hukumu hiyo. Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010 kinataja ardhi ya mababu na ile iliyokaliwa kimila na jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Lakini Novemba 2023, badala ya wapima ardhi, waliofika Sasimwani upande wa Narok walikuwa askari na walinzi wa misitu, na mamia ya Waogiek wakabomolewa nyumba zao msimu wa mvua.

Wapo watakaosema Mwogiek wa leo analima viazi, ana ng'ombe, watoto wake wanasoma Chuo Kikuu cha Egerton, kwa hiyo habari za upinde zimepitwa na wakati. Ni kweli analima. Alinyimwa msitu, angekula nini? Lakini mizinga bado inatundikwa Mariashoni na Nessuit, ya magogo na ya kisasa, na asali yao imeingia katika miradi ya Slow Food, shirika la kimataifa linalolinda vyakula vya asili. Wala hakuna anayedai hati hiyo iwe kibali cha kumuua bongo. Bongo wa milimani waliobaki mwituni duniani kote hawafiki 100, na wote wako Kenya. Wanaowafuatilia leo huko Aberdare, Mau na Eburu ni pamoja na watu waliokuwa wawindaji. Wanazijua nyayo zake, mimea anayoitafuna na mahali anapolala, na siku hizi huweka kamera pale ambapo zamani wangeweka mtego. Msitu wa Eburu, juu ya Naivasha, ulizungushiwa ua wa umeme wa takribani kilomita 43 mwaka 2014. Ua huo ni mzuri na ninauunga mkono, ila nyaya hazimwambii mlinzi ni bonde gani bongo alipitia jana. Anayemwambia ni mtu aliyelelewa humo.

Hilo ndilo funzo ambalo ningependa tulichukue kutoka kwa wale wanaowinda bata mzinga, tukiacha bunduki zao kwao. Ndege alirudi kwa sababu kulikuwa na watu walioona ni wa kwao, waliojua atakakolala usiku na waliotaka watoto wao wamkute. Katika Mau watu hao wapo. Wana majina ya vijito, wana mipaka ya koo, wana wazee ambao bado wanaweza kutembea na wajukuu. Wazee hawa hawatatungoja milele.

Kwako msomaji wa Nakuru mjini, mambo mawili yako mikononi mwako. Nunua asali kwa vikundi vya Waogiek badala ya chupa isiyojulikana ilikotoka. Na ukiona mtego wa waya shambani au kando ya msitu, uondoe na uripoti kwa KWS, hasa miezi ya masika kanga wanapolea.

Yaliyobaki ni ya serikali. Kenya iliridhia itifaki ya mahakama ile ya Arusha kwa hiari yake mwaka 2004. Miaka miwili iliyopewa kupima ardhi na kutoa hati ilikwisha tarehe 23 Juni 2024, na siku hiyo ilipita bila hati. Wizara ya Ardhi ipeleke wapima ardhi Nessuit, Mariashoni na Sasimwani, iwaweke wazee wa koo mbele yao, na ianze kazi kabla masika mengine hayajaingia.